Siku 55 za makasia: nani alikula jasho lao?

Ndugu msikilizaji, katika kila taarifa ya habari kuna zile habari zinazongoja mwisho kabisa, baada ya matokeo ya mpira na kabla ya hali ya hewa. Humo ndimo huangukia habari za ng'ombe aliyezaa ndama watatu, za bibi aliyefunga ndoa akiwa na miaka 90, na za watu waliovuka bahari kuu kwa makasia. Mtangazaji huzisoma kwa nusu dakika, sauti yake ikitabasamu kidogo, kisha huwaaga wasikilizaji. Nimezisoma nyingi katika miaka yangu ya kazi hii.

Kila zinaposomwa habari za wavuka bahari, wasikilizaji huuliza maswali mawili. Meli zipo na ndege zipo; mtu anayepiga kasia miezi miwili kuvuka bahari anatafuta nini? Na akishafika, anapewa nini?

Maswali hayo yanastahili zaidi ya nusu dakika. Kuyajibu, hebu leo turudi nyuma hadi mwaka 1896, tuwatazame watu wawili waliokuwa wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa makasia matupu, bila tanga wala injini. Muda waliotumia katika njia yao ulikaa miaka 114 bila kuvunjwa na mtu yeyote. Majina yao ni George Harbo na Frank Samuelsen, na sitashangaa kama hujapata kuyasikia.

Walikuwa wenyeji wa Norwe. Harbo alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa pwani wa Brevik, na Samuelsen mwaka 1870 huko Farsund, nao ni mji wa pwani. Norwe ya siku hizo haikuwa nchi tajiri tunayoisikia leo. Haikuwa hata na mfalme wake peke yake, kwa kuwa ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden, na watu wake walikuwa wakihama kwa makumi ya maelfu kwenda kutafuta maisha Marekani. Harbo na Samuelsen walikuwa miongoni mwa hao.

Huko Marekani hawakuokota dhahabu barabarani. Kazi waliyopata ni ile waliyoijua, kazi ya maji. Walikusanya chaza na kome katika pwani ya New Jersey, kusini kidogo ya jiji la New York. Mtu hupiga kasia alfajiri hadi kwenye fungu la mchanga, husimama ndani ya mashua, hushusha reki yenye mpini mrefu hadi chini, hukwangua, hupandisha, huchambua, kisha hushusha tena. Jua likipanda, au baridi ikizidi, hupiga kasia kurudi na mzigo wake. Bei humngoja ufukweni, nayo haipangi yeye. Kwa walaji wa New York chaza walikuwa kitoweo mezani. Kwa aliyewatoa majini walikuwa mkate wa siku moja.

Tena ulikuwa wakati mbaya. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, mabenki yakafunga milango, viwanda vikapunguza watu, na shida hiyo ikaendelea hadi karibu na mwisho wa karne. Katika hali hiyo ndipo wakusanya chaza wetu wawili walipofanya hesabu yao. Hakuna mtu aliyewahi kuvuka Atlantiki kwa makasia. Atakayeivuka atajulikana dunia nzima, na watu watalipa kiingilio kuiona mashua yake na kumsikia akisimulia. Katika miezi miwili ya kuumia mtu anaweza kupata fedha ambazo reki haitampa katika maisha yake yote.

Basi hilo ndilo jibu la swali la kwanza, kwa upande wa watu hawa wawili. Hawakuwa wakitafuta kujijua wala kupumzika na kelele za mjini. Walikuwa wakitafuta njia ya kutoka kwenye tope.

Lakini umaarufu una bwana wake, na wakati ule bwana huyo alikuwa gazeti. Jijini New York alikuwapo Richard K. Fox, mhamiaji kutoka Belfast, mwenye jarida la National Police Gazette. Lilichapwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi na lilijaa mauaji, masumbwi, waigizaji wa kike na mashindano ya kila namna. Lilisomwa sana kwenye vinyozi na mabaa. Fox alikuwa hodari wa kuuza gazeti kwa njia moja rahisi: alitoa mikanda na medali kwa mabingwa, kisha akaandika habari za mabingwa hao. Habari na zawadi zikawa vinatoka mfuko mmoja na kurudi mfuko uleule.

Harbo na Samuelsen wakalihitaji gazeti lake, na yeye akakihitaji kisa chao. Mashua ikaitwa Fox.

Sasa tuitazame mashua yenyewe, maana ndani yake kuna akili nyingi ambazo watu huzisahau wanaposifia misuli. Urefu wake ulikuwa kiasi cha futi 18, upana futi 5. Iliundwa kwa mbao za mwerezi juu ya mbavu za mwaloni, imechongoka omo na tezi, na haikuwa na mlingoti wala tanga. Katika ncha zake mbili kulikuwa na vyumba visivyoingiza maji, ili isizame hata ikijaa. Chini, pembeni mwa mkuku, viliwekwa vishikio virefu. Kazi yake ilikuwa moja tu: mashua ikipinduka, watu wapate pa kushika wakiigeuza. Aliyewaza kuweka vishikio vile alikwisha kujiona, akiwa bado nchi kavu, yumo majini usiku chini ya mashua iliyofudikia. Huyo ndiye baharia.

Walibeba jozi tano za makasia, kiasi cha galoni 60 za maji ya kunywa, nyama ya kopo, biskuti, mayai, kahawa na jiko dogo la mafuta ya taa. Walikuwa na dira na vifaa vya kupimia jua ili wajue walipo. Njia waliichagua kwa makini. Kutoka New York kwenda Ulaya upepo mwingi huvuma kutoka magharibi, na mkondo mkubwa wa maji ya vujo unaotoka Ghuba ya Meksiko huelekea upande huohuo. Mtu mwenye mikono miwili tu hapigani na bahari kama hiyo. Huchagua upande ambao bahari yenyewe inakwenda.

Waliondoka tarehe 6 Juni 1896 kutoka gati la Battery, ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, umati ukitazama. Miezi miwili kabla ya hapo, mwezi Aprili, dunia ilikuwa imefanya Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama zetu huko Athens. Mashindano ya makasia yalikuwa yamepangwa humo, lakini yakafutwa kwa sababu ya upepo mkali na bahari kuchafuka. Wanamichezo wakarudi nyumbani. Wakusanya chaza wawili wakaingia Atlantiki.

Utaratibu wao ulikuwa wa kazi. Mchana walipiga makasia wote wawili. Usiku walipokezana, mmoja akivuta, mwingine akilala saa chache chini ya mashua, juu ya mbao zilizolowa. Jiko liliwashinda kwenye upepo, kwa hiyo chakula cha moto kikawa bahati. Maji ya chumvi yalikula ngozi ya mikono na ya makalio. Kila siku ilitakiwa iwaingizie zaidi ya maili 50, na siku ambazo upepo wa mashariki uliwarudisha nyuma ilibidi zilipwe na siku nyingine.

Mwanzoni mwa Julai walipishana na meli kubwa ya abiria ya Kijerumani, Fürst Bismarck. Inasimuliwa kwamba watu wa meli walidhani wameona manusura wa ajali, wakajiandaa kuwaokoa. Wakajibiwa kwamba hakuna ajali, ni safari tu, wanakwenda Ulaya. Abiria wa daraja la kwanza wakawashangilia kutoka juu, kisha meli ikaendelea na shughuli zake.

Usiku wa tarehe 10 Julai dhoruba iliwafikia. Kwa siku kadhaa bahari ilikuwa imekuwa ikipanda, nao walikuwa wamejifunga kamba wasitengane na mashua. Wimbi likaja kubwa kuliko mengine, likaiinua Fox na kuifudikiza. Wakajikuta majini gizani, katikati ya Atlantiki, mamia ya maili kutoka nchi kavu yoyote. Ndipo vile vishikio vya chini vikafanya kazi yake. Wakavishika, wakavuta kwa uzito wa miili yao, wakaigeuza mashua, wakapanda, wakaanza kuteka maji. Walikuwa hai. Sehemu kubwa ya chakula na vifaa ilikuwa imekwenda na maji.

Siku zilizofuata ndizo nzito kuliko zote, ingawa hazina kishindo. Watu wawili waliolowa na kupigwa na baridi, chakula kidogo, njia bado ndefu. Wakaendelea kuvuta. Tarehe 15 Julai wakakutana na meli ya matanga iliyoitwa Cito, na kwa bahati ilikuwa meli ya Norwe. Walipandishwa, wakalishwa, wakapewa chakula na maji ya kuendelea nayo. Kisha, ndugu msikilizaji, wakateremka wakarudi kwenye mashua ya futi 18. Nahodha aliyewasikia wakizungumza lugha ya mama yake alikuwa tayari kuwasaidia. Wangeweza kubaki pale na hakuna ambaye angewacheka. Katika kisa chote hiki, hapo ndipo ninaposimama kuwastaajabia. Wimbi halikuwauliza kama wanataka kupinduka. Kuteremka kutoka Cito walichagua wenyewe.

Tarehe 1 Agosti 1896 waliingia St Mary's, katika visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza. Siku 55. Zaidi ya maili 3,000. Walikuwa hawawezi kusimama sawasawa, mikono imepasuka. Baada ya kupumzika kidogo walirudi ndani ya mashua, wakapiga makasia hadi bandari ya Le Havre nchini Ufaransa, wakafika tarehe 7 Agosti, na baadaye wakapanda mto Seine hadi Paris. Safari waliyoiahidi wakaitimiza mpaka mwisho.

Na sasa swali la pili: walipewa nini?

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kutaja tuzo ya dola 10,000. Fedha hizo hazikufika mikononi mwao. Kutoka kwa Bwana Fox walipata medali za dhahabu. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, na kwao walituzwa: Mfalme Oscar wa Pili alimpa kila mmoja kroner 10, ambazo kwa thamani ya siku hizo hazikufika hata dola 3. Kuonyesha mashua kwa kiingilio hakukuleta utajiri waliokuwa wameupigia hesabu. Watu huja kumtazama mpanda mawimbi akiwa kwenye mawimbi. Akishafika salama, anaonekana kama mtu mwingine yeyote mwenye mikono mibovu. Wakarudi Marekani, na wakarudi kwenye chaza.

Bwana Fox yeye hakupata hasara. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa mashua. Kila gazeti la London, Paris na New York lililoandika habari ya wale Wanorwe lililazimika kuandika jina la mashua, na kila lilipoliandika lilimtangaza yeye bila malipo. Wahenga walisema pia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hapa waliochumia juani walikuwa wawili, na aliyelia kivulini alikuwa wa tatu.

Sisemi kwamba Fox alikuwa mwizi. Hakuna aliyewashikia bastola waite mashua jina lake. Nasema tu kwamba katika biashara ile kila mmoja alileta alichonacho: mmoja alileta jina na mashine ya kuchapa, wawili wakaleta miili yao. Faida ikafuata mashine.

Baadaye Samuelsen alirudi Norwe, akaishi maisha ya mkulima, na akafariki mwaka 1946. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyefanikiwa kurudia walichokifanya. Miaka 70 ilipita. Mwaka 1966 mashua mbili za Waingereza zilijaribu kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa na askari wawili, John Ridgway na Chay Blyth, ambao walitoka Cape Cod wakafika Ayalandi tarehe 3 Septemba, baada ya siku 92. Ya pili, Puffin, ilikuwa na waandishi wa habari wawili, David Johnstone na John Hoare. Mwezi Oktoba manowari ya Kanada iliikuta Puffin imefudikia katikati ya bahari, haina mtu. Daftari la safari lilikuwamo. Mara ya mwisho lilikuwa limeandikwa tarehe 3 Septemba, siku ileile ambayo wenzao walikanyaga nchi kavu.

Nimelitaja hilo ili tusidanganyane kuhusu bahari ile. Haikuwa mchezo mwaka 1896, na haikuwa mchezo miaka 70 baadaye.

Njia ya New York hadi Scilly ilipata rekodi mpya mwaka 2010, Leven Brown na wenzake watatu walipoivuka kwa siku 43 na saa kadhaa. Walikuwa wanne, si wawili. Mashua za siku hizi zina kibanda cha kulala, mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji, simu ya setilaiti na chombo kinachokuonyesha ulipo kila dakika. Simpunguzii Brown sifa yake; mgongo unaovuta kasia ni mgongo uleule. Lakini hebu tujiulize kwa nini muda wa wakusanya chaza wawili ulidumu kwa miaka 114.

Sababu moja ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyejaribu, na lazima tuiseme. Nyingine ni ile ambayo magazeti ya 1896 hayakuiona, kwa sababu haina kishindo. Watu wale hawakujifunza kupiga makasia kwa ajili ya Atlantiki. Walikuwa wamepiga makasia kila siku kwa riziki, katika baridi na katika jua, miaka mingi. Walijua mwili unachoka saa ngapi, mkono uvute namna gani usikatike, wingu gani lina upepo na lipi ni kelele tu. Rekodi ile iliwekwa kwenye mafungu ya chaza ya New Jersey, asubuhi ambazo hakuna mwandishi aliyekuwapo. Kazi hiyohiyo, mikono hiyohiyo. Ikifanywa kila siku kwa mkate, haina habari. Ikifanywa mara moja kwa maonyesho, inaitwa ushujaa.

Hapo linatugusa sisi wa kalamu na wa kipaza sauti. Tumezoea kumfuata mtu siku ya kishindo chake, tukamwita shujaa, tukapiga picha, tukaondoka. Bondia ameshinda, mkimbiaji amevunja rekodi, mvuvi ameokoa watu kumi majini. Kesho yake gazeti limeuzwa na redio imesikilizwa. Mwezi mmoja baadaye nani anakwenda kumwuliza amebaki na nini? Mwandishi akirudi mara ya pili, bila medali na bila umati, mara nyingi ndipo anapoikuta habari yenyewe. Wale walioahidi watakuwa bado wanakumbukwa kwa majina, na ahadi zao zinaweza kuulizwa hadharani kabla hazijapoa.

Na kwa kijana anayefikiria kuuza ushujaa wake, awe wa mchezo, wa muziki au wa bahari, Harbo na Samuelsen wameacha fundisho moja la bei kubwa. Waliweka vishikio chini ya mashua kwa ajili ya siku ya kupinduka, na vikawaokoa. Upande wa fedha hawakuweka kishikio chochote. Kabla jina la mtu mwingine halijaandikwa ubavuni mwa mashua yako, mwombe aandike kwanza kwenye karatasi kiasi atakacholipa na tarehe atakayolipa.

Ile mashua ya mwaka 2010, kwa njia, iliitwa Artemis Investments. Ni jina la kampuni ya uwekezaji.